Kabla hujalipia "Made in Italy": namna ya kusoma lebo ya mkoba na kiatu ukiwa Mtwara au Lindi

Hela za korosho zikishaingia, Mtwara mjini, Masasi, Newala, hadi Lindi huko kila kona kuna mtu anauza mkoba. Wa dukani, wa mtumba sokoni, wa status ya WhatsApp, wote maneno yale yale: "ori kabisa hii dada, Made in Italy, si unaona mwenyewe imeandikwa". Na kweli unaona imeandikwa, unatoa laki mbili zako. Mwongozo huu ni wa huyo anayeona imeandikwa akatoa hela. Siongelei feki peke yake mana feki za wazi watu wanazijua, naongelea kitu kinachowachanganya hata wajanja wa mjini, kwamba lebo inaweza kuwa imewekwa na kampuni yenyewe, kihalali kabisa, na bado wewe ukaondoka umeelewa kitu ambacho sicho.

Shika hili moja afu twende. "Made in" inakwambia kazi kubwa ya mwisho ilifanyika nchi gani, basi. Ngozi imetoka wapi haikwambii, nani kashona haikwambii, kalipwa nini haikwambii, na kama mkanda utakatika mwezi wa pili hilo nalo haikwambii.

Hatua ya kwanza: soma maneno yote, usikimbilie jina la nchi

Jicho linakimbilia "Italy" au "Paris" na wauzaji wanalijua hilo, kwahiyo angalia kilichotangulia mbele ya hiyo nchi. "Designed in Italy" ni kwamba mchoro ulichorwa Italia, mkoba umeshonwa kwingine. "Italian style" haina maana yoyote, hata fundi wa pale Chuno anaweza kuiandika. "Italian leather" inazungumzia ngozi, haizungumzii mshono. "Milano", "Paris", "London" ikiwa chini ya jina la brandi hiyo ni sehemu ya nembo, iko hapo kwa urembo, na brandi kibao zenye hayo majina zinashonwa China na hamna kosa lolote hapo. Ile "Vera Pelle" yenye kamchoro kama ngozi iliyotandazwa, watu wengi wakiiona kwa vile ni Kiitaliano wanajua mkoba ni wa Italia, kumbe inasema ni ngozi halisi tu, ya kushonewa popote.

Afu kuna "Made in PRC". PRC ni China hiyo hiyo, jina lake rasmi kwa kifupi. Mtu kauziwa mkoba kaambiwa PRC ni Puerto Rico, haya.

Kwenye vitenge ukingoni huwa kuna maandishi, hapo pia soma yote. "Guaranteed Dutch Wax Vlisco" ni ya kampuni ya Vlisco ya Helmond, Uholanzi, wapo tangu 1846. Kopi zinaandika kitu kinachofanana nacho, zinaweka "Dutch", "Hollandais", "Wax", "Guaranteed", zinazichanganya hizo neno vyovyote vile ila jina la kampuni halipo au limebadilishwa herufi. Akina mama wa Mtwara kwenye vitenge hamdanganyiki kirahisi, macho yale yale yapelekeni kwenye mikoba.

Hatua ya pili: jua sheria inaruhusu nini

Hapa ndo penye ishu yenyewe kwahiyo vumilia kidogo.

Mtu wa Kusini hili analielewa haraka kuliko mtu wa Dar mana tunaishi nalo. Korosho inaokotwa Tandahimba, inapelekwa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), inaingia ghalani, inapigwa mnada, inapakiwa meli bandarini Mtwara ikiwa ghafi inaenda India au Vietnam, huko ndo inabanguliwa na kufungwa kwenye vipaketi vizuri, na mtu wa Ulaya akienda dukani kwao anakuta paketi imeandikwa Vietnam. Tandahimba haipo popote kwenye ile paketi. Hakuna aliyeandika uongo, ila safari nzima imefutwa ikabaki nchi moja.

Nguo na viatu vya bei kali vinaenda mtindo huo. Sheria ya forodha ya Umoja wa Ulaya, kanuni namba 952 ya mwaka 2013, inasema bidhaa ikipitia nchi zaidi ya moja basi inahesabiwa ni ya ile nchi ilipofanyika hatua kubwa ya mwisho ya kuibadilisha. Kwa nguo, kwa kawaida ni pale iliposhonwa. Kwahiyo suti inaweza kuwa ya Italia huku kitambaa kimefumwa China na vifungo vimetoka kwingine kabisa, na lebo iko sawa.

Kwenye viatu ndo kuna uhondo. Kazi inayokula muda na mikono ya watu kwenye kiatu cha ngozi ni kushona ile sehemu ya juu, soli inakuja mwishoni. Kwa miaka mingi makampuni ya Italia yamekuwa yakikata ngozi kwao, yanapeleka Albania, Romania, Serbia au Tunisia kushonwa sehemu ya juu kwa mishahara ya huko, kisha inarudi Italia inafungwa soli, inang'arishwa, inatiwa boksi, lebo "Made in Italy". Mwaka 2017 gazeti la The Guardian la Uingereza lilitoa habari ya kiwanda kilichoko Cisnădie, Romania, kinachotengeneza viatu vya Louis Vuitton ambavyo vilikuwa vinapelekwa Italia na Ufaransa kumaliziwa ikiwemo kufungwa soli. Ukiwa dukani huwezi kujua kitu, lebo inasema Italia na kwa sheria inaruhusiwa kusema hivyo.

Waitaliano wenyewe inawauma. Mwaka 2009 walitunga sheria, namba 166, kwamba ukitaka kuandika "100% Made in Italy" au "tutto italiano" basi kuanzia ubunifu, upangaji wa kazi, utengenezaji mpaka kufungasha vyote viwe vimefanyika Italia. Kwahiyo hiyo "100%" ina uzito ambao "Made in Italy" ya peke yake haina, ukiikuta kwenye mzigo wa kweli ni dai kubwa zaidi. Mwaka 2010 wakajaribu tena sheria ya kubana nguo, ngozi na viatu ila ikagongana na sheria za Ulaya haikutekelezwa.

Marekani wamekaza zaidi kwa upande wao. "Made in USA" bila maelezo mengine inatakiwa bidhaa yote au karibu yote iwe ya Marekani, na tangu 2021 kuna kanuni maalumu yenye faini kwa anayedanganya. Lakini hata huko kulikuwa na mlango wa nyuma. Kisiwa cha Saipan kipo Pasifiki, ni eneo la Marekani, na kwa miaka mingi sheria za mshahara wa chini na za uhamiaji za Marekani bara zilikuwa hazifanyi kazi kule. Viwanda vikajaa, vikaleta wasichana kutoka China na Ufilipino kushona, lebo inaandikwa Marekani. Kesi zikafunguliwa 1999, na viwanda vya mwisho vimefungwa 2009. Ukikuta mtumba wa zamani umeandikwa "Northern Mariana Islands, USA", ndo hiyo.

Saa za "Swiss Made", tangu 2017 angalau asilimia 60 ya gharama za kuitengeneza ziwe za Uswisi. Asilimia 40 zilizobaki usiulize.

Hatua ya tatu: baakodi iache

Hii imeenea sana kwenye magrupu, eti namba za mwanzo za baakodi zinaonesha bidhaa imetengenezwa wapi, 690 China, 800 Italia, 620 Tanzania. Sio kweli. Zile namba zinaonesha kampuni ilichukulia namba zake kwenye ofisi ya nchi gani ya GS1, shirika linalogawa namba za baakodi. Kampuni iliyosajili Italia ikashonesha mzigo wote Bangladesh bado baakodi itaanza na 800. Nimemsikia kijana anauza mabegi anawasomesha wateja baakodi kwa kujiamini kama mwalimu, na watu wanatikisa kichwa.

Hatua ya nne: geuza ndani nje

Sasa umeushika mkoba mkononi, uko sokoni, jua linawaka, muuzaji anakwambia "mama shikamoo, chagua mama yangu, belo limefunguliwa leo". Usimuangalie yeye, fungua zipu, vuta bitana nje taratibu mpaka uione lebo ilivyoshikwa.

Angalia uzi. Lebo ya kiwandani mara nyingi imeshonwa pamoja na mshono wa bitana, ncha zake zimeingia ndani ya mshono. Lebo iliyobandikwa baadaye imekaa juu ya bitana, imeshonwa pembe nne kwa uzi ambao rangi yake imekaribia lakini haijafika, na ukiigusa kwa kucha kando kando utakuta vitundu vidogo vimepangana mstari ambavyo havina uzi. Hivyo vitundu ni vya lebo ya kwanza, iling'olewa. Ukiona vitundu hivyo maliza mazungumzo, hata kama mkoba ni mzuri lipia bei ya mkoba usio na jina.

Kwenye kiatu angalia mahali pawili, ulimi na chini ya soli ya ndani. Kikisema nchi mbili tofauti sio lazima kiwe feki, soli inaweza kuwa ya kampuni nyingine kabisa, kuna soli zimechapwa nembo ya kampuni ya soli na nchi yake. Neno la soli ni la soli.

Nguo inayotoka Marekani kisheria inatakiwa iwe na vitu vitatu, aina ya nyuzi, nchi ya asili, na jina la kampuni au namba ya RN, yaani namba ya usajili ya kampuni. Hiyo RN unaweza kuitafuta bure kwenye tovuti ya FTC, tume ya biashara ya Marekani, ukaona ni ya kampuni gani. Itakwambia kampuni, kiwanda haitakwambia, na wenye feki nao wanakopi namba za watu, ila ukikuta shati la brandi kubwa afu RN ni ya kampuni inayouza mapazia basi umeshapata jibu.

Nguo inayotoka Ulaya ndo watu wanakosea. Umoja wa Ulaya unalazimisha kuandika aina ya nyuzi, nchi ya asili kwenye nguo hawalazimishi. Kwahiyo koti la kweli la bei kali kutoka Ujerumani linaweza kuwa halina "Made in" popote pale na ni halali, wakati feki huwa haikosi, mana aliyeitengeneza anajua mteja anatafuta nini. Nguo inayojinadi nchi kila mahali, shingoni, mfukoni, kwenye kadi ya kuning'inia, kwenye kifungo, mimi naanza kuitilia shaka hapo hapo.

Hatua ya tano: uliza hiyo brandi inashonea wapi kweli

Hapa watu wanapoteza hela kwa kutupa ori na kununua feki. Unakuta mteja anachambua belo, anapata mkoba wa Coach, ngozi nzito, mshono umenyooka, anaona "Made in Vietnam" anaurudisha anasema hii feki. Dada, mikoba mingi ya Coach inashonwa Vietnam, Cambodia na Ufilipino, kampuni haifichi. Coach ya kisasa iliyoandikwa Italia kwa bei ya elfu thelathini ndo ya kuogopa.

Louis Vuitton ikiandikwa "Made in Spain" au "Made in USA" watu wanacheka, kumbe wana karakana Hispania muda mrefu, na Marekani pia wanashona, mwaka 2019 walifungua nyingine Texas. Zile herufi na namba zilizogongwa ndani ya mikoba yao ya zamani zilikuwa zinaashiria karakana na tarehe, kuanzia 2021 wameziacha wanaweka chipu. Orodha za herufi zinazozunguka mtandaoni zimekusanywa na wapenzi wa mikoba, kampuni haijazitoa, kwahiyo zichukulie kama dalili. Hermès mikoba yake ya ngozi inashonwa Ufaransa. Prada mwaka 2010 walifanya kinyume na wenzao, wakatoa mavazi yenye lebo zinazotaja wazi Scotland, India, Peru na Japani, kwamba kila nchi ina ufundi wake, na hakuna aliyekufa.

Kwa mtumba wa viatu: Dr. Martens walihamishia uzalishaji Asia mwaka 2003, baadaye wakarudisha toleo dogo la "Made in England" linalouzwa ghali, kwahiyo zenye Vietnam au Thailand ni kawaida kabisa. Timberland nyingi za kweli zinatoka Jamhuri ya Dominika. Levi's walifunga viwanda vyao vya mwisho vya kushonea Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000, jinzi mpya inayodai Marekani kwa bei ya mnadani jiulize mara mbili, ila iliyoandikwa Mexico, Bangladesh au Lesotho usiidharau, Lesotho wanashona jinzi za kweli za brandi kubwa na ni Waafrika wenzetu.

Namna ya kuangalia ni rahisi, ingia tovuti ya brandi yenyewe, tafuta mkoba unaofanana, wengine wanaandika nchi kwenye maelezo. Makampuni mengi pia yanatoa orodha ya viwanda vyao. Bando la mia tano linatosha, ukilinganisha na laki mbili unazotaka kutoa.

Hatua ya sita: Italia sio cheti

Sasa tuseme umehakikisha, ni ya kweli, imeshonwa Italia kweli. Unaweza kuwa unawaza mzee mmoja mwenye aproni ya ngozi kwenye karakana ya babu yake huko Florence. Wapo, nisikatae. Lakini karibu na huko huko Florence kuna mji wa Prato wenye maelfu ya biashara za nguo zinazomilikiwa na Wachina, wanashona usiku na mchana, na kinachotoka hapo nacho kimeshonwa Italia kweli. Tarehe 1 Desemba 2013 kiwanda kimoja cha Prato kiliungua, wafanyakazi 7 wakafa, walikuwa wanaishi humo humo ndani ya kiwanda.

Ungesema hizo ni nguo za bei rahisi. Juni 2024 mahakama ya Milan iliweka chini ya usimamizi kampuni tanzu ya Dior inayotengeneza mikoba, baada ya wachunguzi kukuta wakandarasi wake karibu na Milan wana wafanyakazi wanaolala kiwandani, wanashona usiku na sikukuu, na mashine zimetolewa vifaa vya usalama ili ziende haraka. Kwenye nyaraka za mahakama, kuna mkoba Dior walimlipa mkandarasi euro 53 kuushona, ukiacha gharama ya ngozi, dukani unauzwa euro 2,600. Kwa hela yetu ni kama laki na nusu na ushee kwa zaidi ya milioni saba. Aprili mwaka huo huo ilikuwa kampuni tanzu ya Armani, mkandarasi mdogo analipwa euro 93 kwa mkoba, Armani wanauziwa 250, mteja anaupata kwa karibu 1,800. Julai 2025 ikawa zamu ya Loro Piana, brandi nyingine ya Italia ya bei kali. Majaji hawakusema hizo brandi zenyewe ndo ziliwafungia watu ndani, walisema hazikusimamia wakandarasi wao, na usimamizi wa Dior na Armani uliondolewa kabla ya muda baada ya wao kurekebisha mambo. Ila mamlaka ya ushindani ya Italia ikawapiga Armani faini ya euro milioni 3.5 Agosti 2025 kwa kujisifia maadili ya kazi ambayo hayakuwepo.

Lebo kwenye mikoba hiyo yote ilisema Italia, na ilikuwa Italia kweli. Kwahiyo mtu akikwambia "hii sio China dada, hii Italia", mwambie sawa, ila nani kashona?

Hatua ya saba: zile video za kiwandani

Aprili 2025, Trump alipopandisha ushuru wa bidhaa za China, TikTok ilijaa video za watu wamesimama ghalani wanasema sisi ndo tunashona mikoba yote ya Ulaya, Birkin (ule mkoba maarufu wa Hermès) hii hapa, nunua kwetu kwa bei ya kiwandani. Huku kwetu maajenti wakazidaka wakaanza kukusanya oda. Ukweli ni kwamba brandi nyingi za kati zinashona China na hazifichi, na vipuri vingi vinatoka China. Lakini mtu anayekuuzia mkoba wenye nembo ya Hermès kutoka ghalani bila idhini ya Hermès anakuuzia kopi, inaweza kuwa kopi nzuri sana, ngozi nzuri sana, ila ni kopi. Kutoka "lebo za Ulaya zinapotosha" mpaka "kwahiyo hii yangu ni ori" kuna mto mkubwa katikati na hawajakupa mtumbwi. Na mzigo huo ukishikwa bandarini ni wako, ajenti hatakuwepo.

Hatua ya nane: maswali ya kumuuliza muuzaji

Uliza kwa heshima lakini uliza, na uulize kwa maandishi ili ibaki. Hivi ndo mazungumzo huwa yanaenda:

"Dada habari za leo. Nimeupenda ule mkoba wa kahawia. Naomba picha ya lebo ya ndani, ile ya kwenye bitana, sio ya nje."

"Karibu mpenzi, ni ori kabisa, Italy hiyo."

"Ahsante dada, naomba tu picha ya ndani na ya nyuma ya zipu."

"Lebo ipo mpenzi ila imefifia kidogo, simu yangu haipigi vizuri kwa karibu."

Simu hiyo hiyo imepiga picha ya mkoba nje mpaka vumbi linaonekana. Hapo usigombane, mwambie "sawa dada, nikipita Mkanaledi nitakuja kuuangalia mwenyewe", na usitume hela. Muuzaji mwenye mzigo wa kueleweka anatuma picha kumi bila kuombwa.

Zaidi ya picha uliza: umeupata wapi, mtumba au mpya? Risiti ya ulikonunua ipo? Nikikuta lebo imewekwa baadaye unanirudishia hela? Hilo la mwisho ndo linaloonesha mtu. Kuhusu zipu, ikiwa imeandikwa YKK usishangilie, ni kampuni ya Kijapani inayouza zipu dunia nzima, mkoba wa kweli unayo na mkoba wa kopi unaweza kuwa nayo.

Ukiwa wewe ndo muuzaji

Wengi humu mnauza, najua. Usiandike "Made in Italy" kwenye posti kwa sababu tu jina la brandi lina harufu ya Italia. Andika unachokiona: "Mkoba wa mtumba, ngozi, lebo ya ndani inasema Vietnam, mkwaruzo mmoja chini, 45,000." Wateja wa aina hii ya posti wanarudi, na hawakusumbui saa sita usiku. Usibadilishe lebo, hata ile ya kuitoa "China" ukaiacha tupu. Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963 ipo bado na Tume ya Ushindani, FCC, ndo wanaoisimamia, mzigo wa alama za uongo wanaukamata na kuuteketeza, na Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu unachomuuzia. Kusema "niliuziwa hivyo hivyo Kariakoo" ni maelezo tu, mzigo haurudi.

Ukishauziwa tayari

Usikate lebo na usianze kuutumia. Piga picha ya lebo, ya mshono wa bitana, ya posti au status aliyotangaza (status inafutika kesho, piga skrinshoti leo), na ya muamala wa simu. Risiti ya EFD kama ulipewa itunze, wino unafifia kwahiyo nayo ipige picha. Anza na muuzaji mwenyewe, mwambie taratibu tofauti iko wapi na unataka nini, kurudishiwa yote au kupunguziwa, wengi wanaelewana hapo mana hakuna anayetaka jina lake lizunguke Mtwara, mji wenyewe huu kila mtu ni shemeji wa mtu. Akigoma peleka malalamiko FCC kwa maandishi ukiambatanisha hizo picha, na kwenye malalamiko andika alichosema na kilichoandikwa kwenye lebo, maneno kwa maneno, usiandike "aliniuzia feki" kama huna uhakika ni feki.